Wa Muziki Huku, wa Kifaransa Kule

"Mwalimu, huyu mtoto nimemleta asome. Kuimba ataimba kanisani."

Aliyeniambia hivyo ni mkulima wa kahawa kutoka Mbinga. Alifika shuleni na binti yake, tranka, godoro, ndoo na fomu ya kujiunga iliyojazwa kwa mwandiko unaowashinda walimu wengi ninaowafahamu. Kila mahali palikuwa pamejazwa isipokuwa sehemu moja, ile inayomtaka mwanafunzi achague masomo ya hiari. Kwetu yako sita: Kifaransa, Fasihi ya Kiingereza, Muziki, Sanaa za Ufundi, Sanaa za Maonyesho na Maarifa ya Biblia. Binti alikuwa ameshaweka kidole kwenye Muziki. Baba alikuwa ameshika kalamu na hakutaka kuiachia.

Mimi ni mwalimu wa taaluma katika shule ya masista, ya wasichana, ya bweni, mkoani Ruvuma. Nafundisha Kiswahili kidato cha tatu na cha nne, lakini kazi inayonizeesha ni kupanga ratiba na kuzungumza na wazazi kuhusu hayo masomo sita, ambayo wanafunzi wenyewe huyaita opsheni. Nilimwamkia mzee, nikamvutia kiti, nikachukua karatasi. Mzazi wa kwetu humshindi kwa hotuba ya vipaji. Umwoneshe pointi.

Hesabu yenyewe ni hii. Katika mtihani wa kidato cha nne, Baraza la Mitihani huchukua masomo saba ambayo mtahiniwa amefanya vizuri kuliko mengine. A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, F ni 5. Mwenye jumla ya pointi 7 hadi 17 yuko daraja la kwanza, 18 hadi 21 la pili, 22 hadi 25 la tatu. Katika kujumlisha, jina la somo halina cheo. A ya Muziki inaingia na pointi 1, ileile inayoingia nayo A ya Fizikia. Binti mwenye A ya Muziki na D ya Kemia amebebwa na Muziki.

Kuna la pili ambalo huwashangaza hasa wazazi Wakatoliki. Kwa miaka mingi vigezo vya kuchaguliwa kidato cha tano vimedai A, B au C katika masomo yasiyopungua matatu, tena yasiyo ya dini. Maarifa ya Biblia, ambayo mzazi hudhani ndiyo opsheni salama kuliko zote kwa mtoto aliye kwa masista, hayahesabiwi kati ya hayo matatu. Muziki unahesabiwa. Mzee alinitazama kama mtu aliyeambiwa mnadani kwamba leo mbuzi ana bei kuliko ng'ombe.

Na kidato cha tano chenyewe kimebadilika. Enzi zetu, aliyependa lugha aliingia HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), au HGL akipenda na Jiografia, basi. Mwaka 2024 serikali ilitangaza tahasusi, yaani michanganyo ya masomo, 65 zilizopangwa katika makundi saba, na kati ya makundi hayo limo kundi zima la lugha na kundi zima la sanaa. PCM na PCB za sayansi zipo palepale, hakuna aliyezinyang'anya kiti. Ila mtoto anayechora au anayetunga muziki sasa ana mahali pa kwenda akitoka kidato cha nne, angalau kwenye karatasi. Nasema kwenye karatasi kwa sababu si kila shule ya kidato cha tano ina walimu wa kuzifungua tahasusi hizo, na mzazi anayefikiria njia hiyo aulize mapema ni shule zipi zimeshazifungua.

Hapo kalamu ilihama mkono.

Ningependa kusema kwamba baada ya fomu kujazwa mwanafunzi husoma anachokipenda. Sivyo. Ratiba ndiyo inayochagua kwanza, mtoto huchagua katika yale iliyoyabakiza. Kipindi ni dakika 40. Somo la vitendo haliwezi kuishi ndani ya dakika 40, maana mwanafunzi wa Sanaa za Ufundi akimaliza kuchanganya rangi kengele inalia, na brashi hazijaoshwa. Kwa hiyo hupewa vipindi viwili mfululizo. Sasa vipindi viwili vya kuchora vinawekwa wapi, na wasiochora wanafanya nini muda huo? Wanasoma opsheni nyingine. Ndivyo inavyopatikana tunayoiita mistari: masomo mawili au matatu ya hiari yanawekwa saa moja, darasa linagawanyika, na masomo yaliyo kwenye mstari mmoja hayawezi kusomwa na mtu mmoja.

Kwetu Kifaransa na Muziki viko mstari mmoja. Sababu haihusu Kifaransa wala Muziki. Mwalimu wa Kifaransa anafundisha pia shule nyingine, huja kwetu siku mbili kwa juma, na siku hizo ndizo pekee ambazo chumba chenye kinanda hakitumiki kwa kazi nyingine. Basi. Kengele ikigonga, kiranja wa darasa anasimama mlangoni na kupaza sauti: wa Muziki huku, wa Kifaransa kule. Madaftari yanakusanywa, viti vinakokotwa, na ndani ya dakika tano darasa lililokuwa moja ni mawili. Mimi nikipita korido saa hiyo huumia kidogo, kwa sababu mtoto mwenye sikio la kushika sauti ya kinanda mara nyingi ndiye mwenye sikio la kushika matamshi ya Kifaransa, naye hapo mlangoni lazima aache kimoja. Anayetaka kujua kwa nini mwanawe hakusoma kile alichokipenda asianzie wizarani. Aombe kuona ratiba.

Tumrudie mzee kidogo, maana hoja yake ya kanisa haikuwa ya kupuuzwa. Shule ya Kikatoliki ni shule ya sanaa hata isipokuwa na somo la sanaa hata moja. Kila Jumapili kuna wimbo wa mwanzo, zaburi yenye kiitikio, wimbo wa matoleo, wa komunyo na wa shukrani, wote kwa sauti nne zilizopangwa upya kwa sauti za wasichana watupu, kazi ambayo mwalimu wa kwaya huifanya usiku kwa penseli. Kila Ijumaa ya Kwaresima kuna Njia ya Msalaba, na kidato cha tatu huigiza. Tarehe 22 Novemba ni sikukuu ya Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa wanamuziki, ambayo kwa bahati mbaya huangukia mwezi wa mtihani wa kidato cha nne. Wasichana huimba Misa asubuhi wakijua kuna karatasi inawangoja. Sijawahi kusikia mmoja akilalamika, ingawa nimesikia walimu.

Hili si jambo la juzi, na sisi wa Kusini tuna haki ya kujivuna kidogo. Padre Stephen Mbunga, mtu wa huku, alitunga Misa Baba Yetu mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati Misa bado iliadhimishwa kwa Kilatini na ngoma kanisani ilikuwa bado ya kuombewa radhi. Mwaka 1963 alitoa kitabu juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Desemba ya mwaka uleule Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipitisha hati ya liturujia, ambayo kifungu chake cha 119 kinataka muziki wa asili wa watu wa nchi za misioni upewe heshima yake na nafasi yake katika ibada. Kule Bujora, karibu na Mwanza, Padre David Clement, Mkanada wa shirika la Wamisionari wa Afrika, alikuwa anakusanya ngoma na vifaa vya watemi wa Wasukuma, na akazipa alama za utemi nafasi hadi ndani ya kanisa. Wanafunzi wangu wakipiga ngoma kwenye matoleo hawajui kwamba kuna watu waliopaswa kuitetea kwa maandishi. Mwalimu wa Muziki anawaambia. Mwalimu wa kwaya hana muda huo, yeye anatafuta wimbo wa Jumapili ijayo. Tofauti kati ya somo na shughuli inaanzia hapo.

Miaka kadhaa iliyopita tulipokea binti kutoka Tunduru, Mwislamu, kama tunavyopokea wengi, kwa sababu shule ya masista ni ya Kanisa lakini si ya Wakatoliki peke yao. Alikuwa amekulia kwenye madrasa inayosifika kwa kaswida, na mkono wake ulijua dufu. Kwaya ya shule haikuwa mahali pake, wala hakuna aliyemtarajia aende. Jioni za mazoezi ya kwaya alikuwa anakaa bwaloni na wenzake Waislamu na wa madhehebu mengine wakijisomea. Sauti nne zinapita juu ya vichwa vyao kutoka kanisani, nao wameinamia Baiolojia. Shule nzima ilikuwa inaimba, na mmoja wa wanafunzi wake wenye muziki mwingi kuliko wote hakuwa na mlango wa kuingilia.

Akachagua Muziki kwenye fomu. Katika mazoezi ya mapigo, mwalimu aliandika ubaoni mdundo wa sita kwa nane akawaambia wapige makofi. Wana kwaya, ambao mdundo huo wameuimba tangu utoto, walishindwa kuupiga bila kuimba maneno. Waliujua kwa kukariri, ukiwaondolea wimbo wanapotea. Yule wa Tunduru alitazama ubao, akapiga kwenye meza mara moja, safi, kisha akaongeza kijisauti katikati ambacho hakikuwa kimeandikwa. Mwalimu akamuuliza kametoka wapi. Akasema, "Kwetu hivyo ndivyo, mwalimu, ukiacha hako inakuwa kama watu wanatwanga tu."

Tangu hapo sina subira na anayesema kwamba shule yenye kwaya nzuri haihitaji somo la Muziki. Kwaya inamfundisha Mkatoliki kuimba sala yake, na ni jambo kubwa. Somo linamfundisha yeyote kusoma noti, kusikiliza na kutaja anachosikia, kuandika wimbo ambao haupo bado, na kujua kwamba kaswida, mganda wa Ziwa Nyasa, lizombe ya Wangoni na zaburi vinaweza kuchunguzwa kwa masikio yaleyale. Mtihani wake una nadharia na vitendo, na Sanaa za Ufundi na Sanaa za Maonyesho ni vivyo hivyo. Huwezi kufaulu kwa kuwa mcha Mungu.

Sanaa za Maonyesho ndizo zilizotunyima usingizi zaidi. Njia ya Msalaba ina mwisho unaojulikana na hakuna anayeubishia. Somo la maonyesho linamtaka mwanafunzi atunge chake. Na ukiwa Ruvuma, ukimwambia mtoto atunge mchezo wa kihistoria, hana haja ya kwenda mbali. Ebrahim Hussein alishaonyesha njia mwaka 1969 kwa Kinjeketile. Vita vya Majimaji vilipiganwa hapa, na tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga viongozi wa Wangoni hapa Songea, na kila Februari watu hukusanyika kwenye makumbusho kuwakumbuka. Lakini hapa pia ndipo misheni ya Peramiho, iliyoanzishwa na Wabenediktini mwaka 1898, ilipochomwa moto mwaka 1905 katika vita hivyohivyo, na Askofu wao Cassian Spiss akauawa njiani huko Kusini. Na kabla ya kamba, padre wa misheni aliwabatiza baadhi ya waliohukumiwa.

Kundi moja la kidato cha nne lilichagua ubatizo huo. Jukwaani: nduna, kiongozi wa Kingoni, aliyefungwa, padre mwenye ndoo ya maji, askari anayesinzia. Padre anataka kumwokoa mtu roho. Nduna anataka kujua kama maji haya ni ndugu wa yale maji ya dawa yaliyomfikisha hapa, na kama ni tofauti, nani aliyempa padre hakika hiyo. Mchezo mzima ni mazungumzo hayo. Waliandika wenyewe, wasichana wa miaka kumi na saba, nusu yao wakiwa wajukuu wa wajukuu wa watu wa upande mmoja au mwingine.

Mwalimu wao alileta maandishi ofisini kwangu akiwa na wasiwasi, nami nikayapeleka kwa Sista Mkuu nikiwa na wasiwasi zaidi. Ulikuwa mchezo wa siku ya wazazi, na mgeni rasmi ni padre. Sista aliyachukua, akakaa nayo siku nzima. Kesho yake aliniita. Alikuwa ameweka alama ya penseli mahali pamoja tu. "Huyu padre wamemfanya aongee Kiswahili cha kuchekesha," alisema. "Watu watacheka wakati hawatakiwi kucheka. Waambie aongee vizuri, ndipo nduna atakuwa na mtu wa kubishana naye." Nimehudhuria semina nyingi za uandishi wa tamthilia, na nasaha bora kuliko hiyo sijaipata. Padre mgeni rasmi alikaa kimya mpaka mwisho, kisha akaomba kuzungumza na waliocheza, akachelewa chakula.

Ndiyo maana napenda opsheni ziachiwe uhuru wa kutotumikia ibada. Nalisema hili nikiwa Mkatoliki, alto wa kwaya ya parokia kwa miaka mingi. Shule kama yetu ina kishawishi cha kulifanya kila somo la sanaa kuwa karakana ya Kanisa: Muziki utoe wapiga kinanda, Sanaa za Ufundi zipambe altare, Maonyesho yatoe Yesu na Pilato, Kiswahili kitoe wasomaji wa masomo. Vyote hivyo vinapatikana, wala hakuna ubaya. Ila somo likiwa na kazi hiyo tu, mwanafunzi anajifunza kwamba sanaa ni ya kupamba jambo lililokwisha kuamuliwa na wengine.

Kuhusu lugha nitasema kwa haraka, isipokuwa Kifaransa, maana ndicho kinachoulizwa. Wazazi hudhani ni anasa ya shule za mjini. Lakini Burundi imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliingia mwaka 2022, na mwaka 2021 wakuu wa nchi za Jumuiya waliidhinisha Kifaransa na Kiswahili vitumike kama lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Mkalimani wa lugha hizo tatu hatalala njaa. Nami huwa na furaha yangu ya pembeni: kamusi kubwa ya Kiswahili na Kifaransa iliyochapishwa Paris kati ya 1939 na 1941 ni kazi ya Padre Charles Sacleux, aliyekaa pwani yetu karibu miaka ishirini katika karne ya kumi na tisa. Humo kuna maneno ya lahaja za pwani ambayo leo hata watu wa pwani wameyasahau. Kwa mtafiti wa Kiswahili asiyejua Kifaransa, hazina hiyo imefungwa kwa kufuli. Hoja hii, nakiri, haijawahi kumshawishi mzazi yeyote. Ukalimani unawashawishi.

Fasihi ya Kiingereza huchaguliwa na wasomaji wa kweli, na hao hawana haja ya kutetewa. Nikiwapata mapema huwaambia habari za mwalimu mmoja wa shule za Kikatoliki, Mtakatifu Maria ya Tabora na Mtakatifu Fransisko ya Pugu, aliyeacha kazi Pugu mwaka 1955 kwa ajili ya siasa. Watoto wote wanamjua Nyerere rais. Wachache wanajua kwamba aliitafsiri tamthilia ya Juliasi Kaizari wakati yuko madarakani, ikatoka mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi ikafuata mwaka 1969, na kwamba uzeeni aliziweka Injili katika utenzi, zikachapwa na Wabenediktini wa Ndanda na Peramiho mwaka 1996. Peramiho ni jirani zetu. Wanafunzi huona ajabu kwamba kitabu cha mtu kama huyo kiliandaliwa mwendo mfupi wa daladala kutoka hapa.

Nje ya opsheni kuna mawasiliano. Hayana karatasi ya mtihani kwetu, na pengine ndiyo maana yanakwenda vizuri. Simu haziruhusiwi shuleni, kwa hiyo habari za dunia hutufikia kwa redio ya chumba cha walimu na magazeti ya jana. Kila asubuhi mstarini wanafunzi wawili husoma habari walizoziandika wenyewe usiku uliopita, dakika chache tu: moja ya nchi, moja ya nje, moja ya shule. Ya shule ndiyo inayosikilizwa. Hapo binti anajifunza mambo ambayo chuo kingemtoza ada: kwamba huwezi kuandika "inasemekana mpishi ameongeza maji kwenye maharage" bila kwenda jikoni kumuuliza mpishi, na kwamba mpishi naye ana upande wake. Ijumaa kuna mdahalo. Na kabla ya kila Misa wasomaji wa Jumapili hufanya mazoezi mbele ya kipaza sauti kilichozimwa, wakijifunza kuvuta pumzi kabla ya jina gumu na kuinua macho mwisho wa sentensi. Atakayesoma somo la Pentekoste, lenye ile orodha ndefu ya mataifa, hupewa karatasi juma zima kabla.

Watu wa Kanisa walitambua thamani ya mawasiliano mapema. Gazeti la Kiongozi lilianza Tabora mwaka 1950. Mwaka 1960 Askofu Joseph Blomjous alianzisha chuo Nyegezi, Mwanza, ambacho kimewafunza waandishi wa habari wa nchi hii kwa miongo, na tangu 1998 ndicho Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino. Wanafunzi wetu wachache hufika huko. Mmoja ameniambia kwamba mwaka wa kwanza alishangaa wenzake wakitetemeka mbele ya kipaza sauti, kwa sababu yeye hakukumbuka ni lini mara ya mwisho alikiogopa.

Sasa vifaa. Wanaodhani sanaa ni masomo rahisi hawajawahi kuyanunulia vitu. Rangi, karatasi nzito, brashi, nyuzi za gitaa. Kinanda chetu kinategemea umeme, na umeme una ratiba yake ambayo haikupitia kwangu. Udongo wa kufinyangia tunauchota mtoni bure. Ngoma huwambwa hapahapa na huchomwa kidogo kwa moto wa nyasi kabla ya kupigwa, ngozi ikaze. Ugunduzi mzuri kuliko wote ni wa mwalimu wa Sanaa za Ufundi. Batiki inahitaji nta: unaiyeyusha, unachora kwenye kitambaa, unachovya kwenye rangi, na palipo na nta rangi haiingii. Nta ya dukani ni ghali. Alikwenda kwa sista wa sakristia akaomba vipande vya mishumaa iliyobaki. Sasa kuna kopo la maziwa pale sakristia, kila mshumaa ukifika mwisho unatupwa humo, na mwezi ukiisha tunabeba. Mshumaa wa Pasaka wa mwaka uliopita ulitoa kitambaa kirefu chenye samaki wa Ziwa Nyasa, kikauzwa siku ya wazazi, pesa zikanunua brashi.

Lakini kinachoua opsheni si brashi. Ni mwalimu. Kwa utaratibu wetu mwalimu wa sekondari husomea masomo mawili ya kufundishia, na mwenye Muziki kama mojawapo ni wa kutafutwa kwa tochi. Shule inayotangaza opsheni sita kwenye fomu lakini ina walimu wa nne inatangaza opsheni nne, na mzazi ana haki ya kuuliza: nani anafundisha, amesomea wapi, na mwaka jana wangapi walisajiliwa kufanya mtihani wa somo hilo? Swali la mwisho ndilo lenye majibu. Shule inaweza kuwa na Muziki kwenye ratiba miaka mitatu, na usajili wa mtihani ukifika watoto wakashauriwa kuacha, ili wasiharibu wastani.

Mwalimu wetu wa Muziki alisomea Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, kule Arusha, ambacho ni cha Walutheri, na yeye mwenyewe ni Mlutheri wa kuzaliwa. Masista hawakuona tabu. Alifundisha Muziki na Kiingereza, akapiga kinanda kwenye Misa pale mpigaji wetu alipougua malaria, akajua viitikio vyote kabla ya juma kuisha. Ajira za serikali zimetoka mwezi uliopita na jina lake limo. Sikumlaumu, ningekuwa yeye ningekwenda.

Kwa hiyo sasa natafuta. Sista Mkuu anataka mtu anayeweza kucheza kinanda kanisani. Mimi nataka anayeweza kubeba na Kiswahili, kwa sababu vipindi vimenielemea. Kidato cha tatu wameniandikia barua, imesainiwa na darasa zima la Muziki, wakiomba awe anajua gitaa na awe anakubali watu watunge vyao. Maombi yaliyofika hadi leo ni machache, na mmoja wa waombaji ameambatanisha noti za wimbo alioutunga, kurasa nne, kwa mkono. Somo lake la pili ni Jiografia. Usaili ni Jumatano.